Moshi Nilioutoa Kwenye Ushuhuda wa Baba

Rissne, pembeni mwa Stockholm, Jumamosi ya Novemba. Nje ni theluji ya maji, ile inayokulowesha kuliko mvua. Nimekunywa kahawa vikombe vinne na mkate bado uko sahanini.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu chuoni hakuna anayekisoma. Ya leo sitaki wayasome.

Kazi yangu ni hii: tasnifu juu ya watu wa Stockholm wa karne ya kumi na tisa waliokuwa wakikaa gizani kuzunguka meza, wakiita wafu. Swali langu ni la uchokozi kidogo. Walichokiona kilitoka kwa wafu, au kilitoka kwenye majani waliyovuta, waliyokunywa na kujifukiza?

Mara nyingi jibu ni sijui. Wako waliokuwa hawatumii chochote zaidi ya kahawa, na meza ikagonga yenyewe kuwajibu vilevile. Lakini yuko mwanamke mmoja, kwenye karatasi zangu namwita Bibi A., aliyekuwa akiongea na wafu kila Alhamisi mbele ya wageni. Alikuwa na pumu. Zamani hizo maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza sigara za pumu zilizosokotwa kwa majani ya mnanaha, mmea ule wa tunda lenye miiba. Moshi wake hufungua kifua. Ukizidisha, unaona watu wasiokuwepo na unaongea nao.

Dada yake ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao. Madaftari matano, kila neno la kila mfu, na sigara haitajwi hata mara moja. Mwezi uliopita, kwenye hifadhi ya nyaraka, nikakuta barua ya dada huyohuyo kwa binamu yao: tafadhali alete kiboksi cha sigara za dada kabla wageni hawajafika.

Niliruka kwenye kiti. Mzee aliyekuwa akisoma meza ya pili akanikodolea macho.

Msimamizi wangu amefurahi kupita kiasi na anaitaka sura hiyo Jumatatu. Sentensi ya mwisho nilikuwa nimeshaiandika: wafu wa nyumba ile walitoka ndani ya kiboksi cha dawa. Niliipenda sana sentensi hiyo, nilikuwa naisoma kwa sauti jikoni. Niliipenda mpaka Jumatano, Baba aliponipigia simu kunikumbusha kwamba Jumapili hii ni zamu yake ya kutoa ushuhuda.

Baba yangu alikuwa na pumu.

Haya, nimeliandika.

Kila mwaka, mwezi huu, Baba anatoka Hässelby anakoishi, anavuka jiji zima mpaka kanisani kwetu Skärholmen, na kusimama kueleza jinsi tulivyotoka Kongo tukiwa hai. Mimi husimama kando yake nikitafsiri kwa Kiswidi, kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya watoto wetu, ambao ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi. Nafanya hivyo tangu nina miaka kumi na sita, na ushuhuda wenyewe naujua kwa ghibu. Mchana mmoja, milimani juu ya Uvira, Baba alikuwa amebanwa na kifua. Akamwona marehemu mama yake amesimama mlangoni, akamsikia: toa watoto sasa hivi. Tukaondoka kabla jua halijazama. Ndugu yake alibaki. Asubuhi kijiji kilikuwa majivu, na yeye alikuwa ndani yake.

Hivyo ndivyo ninavyousema mimi.

Baba huanza na majani. Anasema alivuta majani yake ya pumu, mengi kuliko kawaida kwa kuwa pumzi ilikataa kabisa, ndipo akamwona mama yake. Kila mwaka anasema, na kila mwaka mimi naruka sehemu hiyo.

Mara ya kwanza niliruka kwa woga. Shuleni tulikuwa tumetoka kufundishwa juu ya madawa ya kulevya, na pale mbele ya kanisa nikajiona nikisema: baba yangu mkimbizi alivuta majani, akasikia sauti. Sisi watoto wa wakimbizi tulikuwa na hofu moja kubwa kuliko zote, kwamba watu wa ustawi wa jamii watakuja kuchukua wadogo zetu. Wangu walikuwa watatu, wamekaa safu ya mbele. Nikasema tu "alikuwa mgonjwa". Watu wakalia, wakamshika Baba mkono. Mwaka uliofuata ningeurudishaje moshi?

Kwa hiyo yule dada wa madaftari matano, niliyekuwa nikimcheka mwezi mzima, ni mimi.

Siku tatu hizi nimekuwa kama mtu aliyekalia miiba. Nikiandika kwamba Bibi A. alipewa wafu wake na mnanaha, basi na bibi yangu je? Nisipoandika, mimi ni msomi wa aina gani?

Leo saa sita Baba alikuja tufanye mazoezi, na mfuko wa sombe, kisamvu chetu, mkononi kama kawaida yake. Hata hakuwa amekaa vizuri nikammwagia yote, bila mpangilio: Bibi A., sigara, barua, na miaka kumi na mmoja ya kuruka majani yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miye naelewaka Kiswidi, mama," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Tangu zamani. Kusema tu njo kunanishinda."

Alikuwa anajua. Miaka yote hiyo alisimama kando yangu akinisikia nikiruka, kisha tunapanda treni pamoja na ananiuliza nimekula. Nilimuuliza kwa nini hakunikataza.

"Nilizani unanisikilia haya."

Miaka yote alidhani namwonea aibu. Nililia. Sikujua kwamba mtu anaweza kumuumiza baba yake kwa upole namna hiyo, mbele ya watu, kila mwaka.

Nilipotulia nikamuuliza ambalo sikuwahi kuthubutu: ni Bibi kweli, mama yake, au ni majani? Hakukasirika. Alisema alivuta majani yale tangu ujana, na kuna siku yalimwonyesha mbuzi ukutani, na siku nyingine mwalimu wake wa zamani amekaa juu ya paa. Hakuna aliyewahi kumwambia neno, isipokuwa siku ile.

"Bon, sijue. Mungu njo anajua," akasema. "Lakini mudogo wangu, yeye alijua kama ni majani. Ile maneno yake unaachaka wapi?"

Kwanza sikuelewa. Kisha nikakumbuka.

Kabla hatujaondoka, Baba alibisha hodi kwa Baba mdogo, nyumba ya jirani. Alimsihi atoke. Baba mdogo akacheka, akamwambia ni majani yanamsemesha, alale yatamtoka. Sentensi hiyo imo kwenye ushuhuda, Baba huisema kila mwaka, polepole kuliko zote. Bila majani haikuwa na maana, kwa hiyo niliikata nayo, na hodi nikaikata. Kwa Kiswidi changu, ndugu yake "alibaki".

Wadogo zangu wanaujua ushuhuda huo kwa Kiswidi tu. Kanisa zima, wageni wote. Kwa miaka kumi na mmoja Baba amesimama pale akinisikia nikiwaambia kwamba alichukua watoto wake akampita ndugu yake mlangoni.

Ile sentensi yangu nzuri nimeifuta. Jumatatu nitamwambia msimamizi kwamba sura haijaiva, anikasirikie akitaka. Kwamba mnanaha ulikuwemo nyumbani kwa Bibi A. nina hakika. Sasa nataka kujua dada yake alipozitoa zile sigara kwenye madaftari alimtoa nani pamoja nazo.

Na kesho nitasema majani. Naogopa, lakini nitasema.

Baba hakutaka kungoja kesho. Akiwa ameshavaa koti na kofia, aliomba nimtolee ushuhuda wote kwa Kiswidi palepale. Nikaanza na majani. Alisikiliza amefumba macho, mkono kwenye kitasa.

"Rudilia pale napiga hodi," akasema.

Nikarudia. Akaomba tena, nikarudia tena.