Dakika za Kupoza Injini

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tangu alfajiri. Transfoma imeungua, wanasema siku nne, labda tano. Na mzee, mume wangu, hapumui sawasawa bila mashine ya oksijeni.

Miaka thelathini na moja ya ukimbizi, mambo ya mitambo yalikuwa yake. Kule kwetu alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha pamba. Mimi ni mtu wa vitabu. Basi nimekisoma kijitabu cha jenereta mara mbili. Kimeandikwa vibaya mno! Lakini kinasema kweli.

Nimeiweka jenereta uani, mbali na madirisha, bomba la moshi likielekea nje. Nilivuta kamba mara sita bure. Ya saba — ikanguruma! Nikacheka peke yangu. Asante Mungu kwa mabega haya mazee.

Jumatano, 5 Machi

Jirani yetu, fundi cherehani, aliomba kuchaji simu. Nikakubali. Mara mzee akanyanyua kichwa kitandani: injini imelemewa, nani kachomeka pasi?

Kweli, pasi!

"Baba, ni suruali moja tu," fundi akajitetea.

"Hata ya bwana harusi, chomoa!"

Tumecheka wote watatu. Ugonjwa haujamla masikio.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ningekuwa mjane.

Mvua ilishuka ghafla nikiwa jikoni. Fundi cherehani akaona jenereta inalowa, akaiburuta ikiwaka vile vile hadi kwenye korido, mlangoni petu. Kwa wema tu. Nikahisi kichwa kizito. Kumtazama mzee — anasinzia saa nne asubuhi! Nikazima, nikafungua madirisha yote, tukamtoa hadi barazani na mtungi wa akiba wa oksijeni. Alitumia karibu wote.

"Mama, niliogopa isije ikapiga shoti."

Nikamwambia moshi ule unaua bila kubisha hodi. Aliketi kwenye ngazi. Jioni alirudi na mabati na miti, akaijengea jenereta kibanda uani, paa tupu bila kuta. Amejikata kidole. Nilimfunga kitambaa. Mtu wa namna hii utamkasirikiaje?

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano asubuhi. Petroli ya tangini inaisha, umeme bado, na muuza mitungi atakuja kesho.

Nimefuata utaratibu: kwanza mzee kwenye mtungi, kisha nikachomoa mashine yake. Injini ikazunguka dakika tano bila mzigo. Nikazima swichi, nikafunga koki ya mafuta. Sasa ipoe robo saa. Petroli haimiminwi juu ya chuma cha moto.

Naandika hapa kando ya kitanda ili mkono usikimbilie dumu.

Fundi cherehani amesimama mlangoni na dumu la petroli na faneli. "Mama, nimimine? Baba anahema!" Nimemjibu angoje. Sauti yangu mwenyewe siijui.

Mzee kasogeza barakoa. Nimemgombeza, hasikii. "Bado ya moto," anasema, polepole, dirisha likiwa wazi. "Chuma kinalia. Kikinyamaza nitakuambia."

Zimebaki dakika saba. Mshale wa mtungi umegusa nyekundu. Ameushika mkono wangu wa kushoto na kufumba macho, kama anavyofanya akisikiliza redio. Fundi ameweka dumu chini.

Zimebaki sita. Kidole chake kinanigonga kiganjani: bado. Bado.