Kola kwa Miaka Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Binti yangu anamaliza chuo cha maabara Jumamosi ya tarehe 15. Amechaguliwa kusoma kiapo jukwaani kwa niaba ya wenzake wote. Jana kaja na kitambaa cha zambarau, kile cha kuvutika, na pateni ya karatasi ya kukatia nguo, ndani ya bahasha. Anataka gauni. Eti keshawaambia wenzake mama yake ni fundi, atamshonea. Nikacheka, nikasema lete. Ningesema nini?

Fundi! Miaka kumi na tisa nimekaa kiwandani, laini ya mashati, meza ya saba, nikishona kola. Kola tu. Shati linanifikia lina mabega, linaondoka kwangu lina kola, sijui linakokwenda. Mikono alishona mwingine, vifungo mwingine. Sijawahi kushona nguo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto hajui. Majirani hawajui. Aliyewahi kulisema ni mmoja, na huyo hatusemeshani.

Jumanne, 4 Machi

Pateni imejaa meza nzima ya kulia. Mistari juu ya mistari. Nikapima — kiuno cha karatasi ni kidogo kuliko kiuno cha mtoto. Nikajua wamekosea. Nikaongeza vidole viwili kila upande. Kiwandani shati lililobana lilikuwa linarudishwa, na jina lako linaandikwa ubaoni wote walione.

Nimekata. Mkasi ni ule walionipa siku walipofunga laini yetu. Cheti na mkasi. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Gunia.

Nimeunga mabega na ubavu, mtoto kajaribu, na ni gunia. Akaniuliza kwa upole kama litapungua nikishalimaliza. Upole wake uliniuma. Heri angecheka.

Karatasi haikukosea. Kitambaa cha kuvutika hukatwa kidogo kwa makusudi, mwili ndio unaokijaza. Imeandikwa kwenye maelezo, mstari wa pili. Sikusoma. Mimi fundi, nisome maelezo?

Nimefumua. Nimepunguza vile vidole viwili.

Ijumaa, 7 Machi

Jirani kanikuta kibarazani nafumua. Akashangaa kwa nini nahangaika ilhali mdogo wangu ana duka la ushonaji mtaa wa pili tu, cherehani tatu na kioo cha kujitazama. Nikamwambia mdogo wangu ana kazi nyingi.

Miaka sita sasa hatusemeshani. Tulikuwa mezani kwa wifi yangu, watu kama kumi. Nikatia neno, nikasema "sisi mafundi". Yeye akaweka kikombe chini. "Dada, wewe si fundi. Wewe ni kola." Meza nzima ikaangua kicheko, na mume wangu akiwemo. Cherehani yake ya kwanza nilimbebea mimi, kichwani, kutoka stendi hadi chumbani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliojua.

Yule jirani alikuwa amevaa gauni aliloshonewa huko kwa mdogo wangu, kitambaa kama hiki hiki. Shingo imelegea kama mdomo wa mtu aliyesinzia kwenye kiti. Nilifurahi. Hapa naandika ukweli: nilifurahi mchana kutwa.

Jumapili, 9 Machi

Leo shingo.

Mkanda wa shingo ni mfupi kuliko tundu lenyewe. Wengine wangebabaika hapo. Mimi nikaugawa mara nne, nikaweka pini nne, nikavuta kidogo huku nashona, kidogo tu, sawasawa mwendo mzima, kama nilivyokuwa naingiza kola kwenye shati la mia tatu la siku. Mikono ilijua yenyewe. Umelala bapa, hauna hata kimkunjo kimoja. Sikuupiga hata pasi.

Nikaunganisha ubavu na mikono haraka haraka, moyo mweupe. Ubavu sikuuvuta. Nilishona moja kwa moja kama shati.

Jumatano, 12 Machi

Nimemaliza jana. Leo mtoto kavaa, kajitazama, kasema Mama, ni zuri. Kisha akanionyesha atakavyosimama jukwaani. Kiapo husomwa mkono wa kulia ukiwa juu.

Akanyanyua mkono. Traaa! Ubavu wote, kuanzia kwapani hadi nyonga. Kitambaa kilivutika, uzi haukuvutika. Ubavu wa mwanangu nje, na yeye amebaki na mkono hewani.

Nikamwambia avue, atoke. Nikafunga mlango. Akaniuliza akiwa upande wa pili, ampelekee mama mdogo? Nikasema ukimpelekea, usirudi hapa kuniita mama.

Nimemwambia mtoto maneno hayo. Kwa sababu ya uzi.

Ijumaa, 14 Machi

Jana sikumsemesha, naye hakunisemesha. Leo asubuhi gauni halikuwepo kabatini. Nikajua. Sikuuliza. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Saa kumi nimelikuta juu ya kitanda changu, limekunjwa vizuri. Nimeligeuza ndani nje. Ubavu umeshonwa upya, zigizaga ndogo ndogo, unavuta unarudi, unavuta unarudi. Mikono imefumuliwa, imeingizwa upya. Pindo pia. Kazi safi, Mungu anione nikisema uongo. Nimetafuta mshono wangu, nisiuone popote. Kanifuta mimi mzima.

Halafu shingo. Shingo hajaigusa. Uzi ni wangu, hata kifundo cha mwisho ni changu, kile cha kiwandani cha kurudi mara mbili.

Mdogo wangu yuko sebuleni. Nimesikia kikohozi chake. Naandika nimekaa kitandani, gauni liko mapajani. Mtoto kaja mlangoni, kasema, "Mama, mama mdogo anauliza hii shingo umeifanyaje ikalala hivi. Anasema zake zote zinalegea. Amekuja na kitambaa na pini."

Nikamwambia, "Mwambie kola haina mdomo. Akitaka jibu aje aulize mwenyewe."

Mtoto akaenda. Nikadhani mdogo wangu ataondoka, na nilitaka aondoke. Sasa kiti kimesogezwa. Hatua zake nazijua, anaburuza mguu wa kushoto tangu utoto.

Amesimama mlangoni. Habishi hodi.

"Dada," anasema. "Ni pini nne au nane?"

Kesho saa tatu mtoto anasimama jukwaani. Miaka sita, na neno la kwanza ni pini. Pole hamna. Mkono wangu wa kushoto unaihesabu shingo, robo, robo, robo, robo. "Nne," nasema.