Mji Unaochelewesha Watu

4 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo? Sisi wazima, ila mguu wa baba yako unamsumbua kwenye ngazi, na cherehani yangu inakata uzi. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta habari za mtihani wa uhasibu. Nimekuta milango ya kuchonga, minara, maktaba yenye dari iliyochorwa, na makumbusho ambayo wanafunzi huingia bure. Nilikuuliza kama umefaulu. Chuo cha hapa jirani kinapokea wanaohamia, masomo ni yale yale, na kitanda chako kipo. Nijibu hilo.

Mama yako

19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na cherehani, na baba mwambie asiache kuuchua mguu. Mtihani nilifaulu, si sana. Mama, chumba changu kinavuja na maji ya bomba hutoka yanapojisikia. Lakini nikitoka darasani napita uchochoro ambao watu wameupita kwa miaka mia tano, na pale kuna muuza vitabu vilivyotumika anayetuacha tusome tukiwa tumesimama. Jioni tunakwenda kwenye tamthilia. Huko jirani kuna nini baada ya saa kumi? Usinihamishe.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baada ya saa kumi huku kuna mama yako.

Nimeandika mpaka nimechoka, na sikio la kufa halisikii dawa. Namtuma baba yako na fomu ya uhamisho. Tia sahihi, arudi nayo Jumamosi. Usimzungushe, unaujua mguu wake.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Usikasirike. Baba alifika salama, akaniweka kitako, akanisema mpaka nikalia na kushika kalamu. Mara mvua ikashuka, tukajikinga kwenye ukumbi wa tamthilia. Unamjua baba, alisinzia hata siku ya harusi yenu. Safari hii alikaa kiti cha mbele, macho kodo mpaka mwisho, kisha akauliza kesho kuna nini. Wenzangu sasa wanamwita Profesa. Mnara ameupanda. Anasema atarudi, ila Jumamosi hii kuna wapiga ala. Njoo uone mwenyewe.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, na mguu wa baba yako nasikia umepona ghafla. Hapa nyumbani ulikuwa ukiuma kila nikimwomba apandishe ndoo ya maji. Nimemtuma mtu mzima akamlete mtoto, nimewakosa wote wawili. Nilikasirika, nikacheka peke yangu, nikakasirika tena.

Haya, baki. Hiyo fomu ichane. Mtoto nilimzaa nikijua ataondoka, lakini mume sikuolewa naye kwa makubaliano hayo. Mpandishe basi la Jumatatu, wapiga ala wawepo wasiwepo. Nyumba imekuwa kimya mno na sipendi.

Mimi huko siji. Naogopa nikiuona huo mji nitaupenda, na lazima abaki mtu nyumbani wa kuwakasirikia.

Mama yako