Nilivyocheka Siku ya Kumzika Baba

Uyole, Mbeya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na kamwene kwa nyumba nzima. Mguu umepoa? Mahindi mmemaliza kupukuchua? Mimi nikisema ni mzima nitakuwa nakudanganya. Dada Ester, msomee mama mkiwa wawili tu, na unisamehe mwandiko. Siku hizi herufi zangu zinazidi kuwa ndogo zenyewe mpaka mwisho wa mstari.

Mama, siku tulipomzika baba nilicheka. Igowole nzima iliniona. Udongo wa kwanza ulipoanguka kicheko kilinitoka, na kadiri nilivyouma ulimi ndivyo kilivyozidi. Baba mkubwa akafoka, "Unacheka nini wewe? Au baba yako umemla?" Wewe ukajifunika kanga usoni, na asubuhi nilipoondoka hukutoka kuniaga. Hilo ndilo linaloniua, si maneno ya baba mkubwa. Moyoni nilikuwa nalia, mama. Niamini.

Juzi nilimrukia mwenzangu wa kazini kwa nyundo, ugomvi wenyewe wa kiberiti. Nikajiogopa, nikaenda kwa daktari. Nikamwonyesha mikono inavyotetemeka, nikamweleza na kicheko. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kazi yangu, nikamwambia nachomelea matangi ya malori, nikiwa ndani ya tangi. Akasema moshi wa kuchomelea ni chuma kilichosagika kuliko unga wowote. Ukiuvuta hauishii kifuani, unafika ubongoni, unaharibu mikono na mwendo, hata kulia na kucheka, mtu akacheka pale moyo unapolia.

Nikamwambia, "Lakini dokta, maziwa nakunywa kila siku!"

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa fahari kwamba msimamizi anatugawia maziwa ya kusafisha moshi? Ukafurahi, ukasema mwanao ametunzwa. Kwa kuyategemea hayo niliwatania waliojifunga kitambaa puani, nikawaita mabibi harusi. Daktari akanitazama kwa huruma. "Maziwa yanakwenda tumboni, bwana Festo. Moshi una njia yake." Mpumbavu mimi!

Dawa hana. Amesema niache kazi nisizidi kuumia, ila kilichoharibika hakirudi. Nimeacha, sasa nalinda geti la karakana ileile. Nyumbani nirudi nikafanye nini? Jembe linanishinda, na huko nimekwisha kuitwa mchawi.

Mpe baba mkubwa salamu zangu, hata akizikataa. Msalimie sana shangazi, yeye peke yake alinishika mkono pale kaburini. Dada Ester, mtunze mama.

Nakuomba jambo moja, mama. Siku yako ikifika, Mungu aicheleweshe, wasinipigie simu ya kuniita mazishini. Nakupenda kuliko mtu yeyote, na nitacheka.

Ni mimi mwanao,
Festo