Hatua Kumi na Mbili

Jumatatu, 15 Septemba

Mapinga tena. Viwanja vinane kabla ya adhuhuri, vyote vya watu wa Dar ambao sijawahi kuwaona. Vigingi vimeisha, nimeagiza vingine vichongwe. Vumbi mpaka kwenye meno. Goti la kulia linauma.

Rehema amepiga simu nikiwa juani. Sikuitambua sauti mpaka aliponiita Zuhura Futi, jina la kidato cha tatu, kwa vile nilikuwa napima kila kitu. Tulikaa dawati moja miaka minne. Sasa anafundisha palepale tuliposoma, Bagamoyo, na ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Kila mwezi analeta mtu wa kuzungumza na wanafunzi kuhusu kazi yake. Ameshaleta muuguzi, mtu wa benki, na mwanasheria aliyewaambia kwamba ndoto hazina mipaka. Sasa anataka mpima ardhi. Mwanamke, tena aliyesoma palepale. Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbini.

Nimekubali kabla hajamaliza. Nimefurahi kupita kiasi. Miaka ishirini na mitano sijaingia geti lile.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kuiona shule kabla ya siku yenyewe. Rehema amenenepa, lakini mwendo wake ni uleule wa mtu aliyechelewa. Tumetembea tumeshikana mikono, wanafunzi wakatucheka.

Darasa letu limepakwa rangi ya bluu. Dirisha la nyuma bado halina kioo. Nimesimama pale, harufu ya chaki na jasho la mchana, na nikamwona Mwalimu Kondo wa jiografia akitutoa nje na kamba yake yenye mafundo. Kila fundo mita moja. Alitupimisha shule nzima kwa kamba ile: ukumbi, kisima, jiko, mpaka kuta za vyoo. Rehema alishika ncha, mimi niliandika. Wiki ile nilijua nitafanya nini maishani. Baba alitaka nikae dukani kwake, kwenye khanga. Mwalimu Kondo alikwenda kumwona mara tatu.

Kisha Rehema akanipeleka nyuma, kwenye shamba la shule. Tulilima mihogo pale. Tulijificha pale kula ubuyu wakati wa hesabu, tukarudi darasani na midomo myekundu, tukachapwa wote wawili.

Shamba ni dogo. Nikadhani ni macho ya utoto, huona kila kitu kikubwa. Rehema akasema hapana, limepungua kweli. Walitaka kujenga bweni la wasichana. Wazazi walishafyatua matofali. Mafundi walipokuja kuweka msingi ikaonekana nafasi haitoshi, mpaka unapita katikati. Jirani ana hati, na hati ina vipimo. Matofali yakatumika kujengea vyoo. Wasichana wa mbali, wa Saadani na Lugoba, wanapanga vyumba mjini na kujipikia, na kila mwaka wawili watatu wanaacha shule.

Nikamuuliza nani alipima kwa jirani. Hakujua.

Mimi najua. Nilipima mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelitoa daftari la kazi. Ninayo yote, kwenye sanduku la bati. Mwandiko wangu wa ujana, umelala upande, una haraka. Pameandikwa: jiwe la kona ya shule limeonekana. Namba haisomeki. Chini yake neno moja: Mvua.

Nakumbuka. Mwaka wangu wa pili kazini. Niliingia kwa upande wa barabara. Kichaka kilikuwa kimefunga, shule siioni, nasikia kengele tu. Nilijivuna. Napima jirani na shule yangu, nina buti zangu, nina watu wawili chini yangu. Tukakuta jiwe la zege lenye chuma katikati. Inatakiwa ulilinganishe na mawe mengine mawili. Nililinganisha na moja. La pili lilikuwa ndani ya dimbwi na mvua ilikuwa inatupiga. Nikasema linatosha.

Huenda nilikuwa sahihi.

Nimeandika sentensi hiyo na siiamini.

Alhamisi, 18 Septemba

Viwanja sita. Nimekosea tarakimu mara mbili, nikarudia.

Hotuba nimeiandika. Kurasa tatu. Baba na duka lake, Mwalimu Kondo na kamba yake, msichana peke yake chuoni kati ya wavulana arobaini. Nzuri. Nimeichukia.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Mwanamvua, mwenye kiwanja. Mjane. Alikinunua kwa jasho la mikate ya kumimina, alfajiri kwa alfajiri. Nilipomwamkia aliitika marahaba mara mbili, ya pili baada ya kunitambua. "Ndiye yule mwanangu aliyenipimia," akawa anawaambia wajukuu. Akaniketisha mkekani, akaniletea kahawa na kashata. Akasema tangu apate karatasi yake analala usingizi.

Nikamwambia natafuta jiwe la zamani, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi yangu. Hakuuliza zaidi.

Mashine ya kupimia ikanipeleka ndani ya banda la kuku, pembeni kabisa; kuku aliwatoa mwenyewe. Nimechimba kwa jembe lake. Urefu wa mkono, nikagonga zege. Nikafuta udongo kwa kiganja. Namba inasomeka yote. Ndiyo iliyo kwenye ramani ya shule; lile nililolitumia mimi lilikuwa jiwe jingine.

Nikahesabu hatua kutoka pale mpaka ukuta wake unaopakana na shamba. Kumi na mbili. Bweni lingeenea.

Akauliza nimeona nini. Nikasema jiwe la zamani tu. Nikalifukia. Nikarudi mkekani, nikamaliza kashata.

Jumapili, 21 Septemba

Kwa Mwalimu Kondo, mjini. Nilitaka kumwambia yeye kwanza. Binti yake alinionya mlangoni kwamba baba hakumbuki vizuri, lakini nilishavua viatu.

Amekuwa mdogo, mikono tu ndiyo imebaki mikubwa. Aliniita Rehema. Nikamsahihisha, akakubali, halafu akaniita Rehema tena. Nikaacha. Tukazungumza juu ya shule, kisima, mwalimu mkuu wa wakati ule aliyependa filimbi. Mambo ya zamani anayo yote. Alinitajia hata nani alikaa karibu na mlango.

Kisha akauliza, "Na yule mwenzako wa vipimo, yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia yuko, anafanya kazi Mapinga.

Akatabasamu. "Yule hakosei," akasema.

Nikavaa viatu. Nimetembea mpaka stendi bila kumwamkia mtu. Mama angekuwa hai angenisema.

Jumanne, 23 Septemba

Rehema ametuma ujumbe. Mwalimu mkuu amealika wazazi. Jina langu limeandikwa kwenye kitambaa juu ya jukwaa. Wasichana wa kidato cha tatu wanaandaa maswali.

Nimeanza kumjibu mara nne. Mwisho nimeandika: nitakuja.

Ukweli wenyewe ni huu. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Jiwe liko chini ya kuku. Nikisema, naweza kunyang'anywa leseni. Nina miaka arobaini na mitatu na sijui kazi nyingine. Tena kuna yule mama na usingizi wake.

Naogopa. Nimeogopa kama siku ya matokeo ya kidato cha nne, pale ubaoni, tulipomtuma Rehema akatuangalizie.

Alhamisi, 25 Septemba

Imekwisha.

Ukumbi ulijaa. Wazazi mbele, wanafunzi nyuma na madirishani. Rehema alinitambulisha vizuri mno. Alisema kila kitu, hata ubuyu. Watu wakacheka. Nikapanda na kurasa zangu tatu.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Baba, duka, kamba ya mafundo. Walikuwa wananisikiliza kweli. Nilipofika pale pa kusema jinsi kazi yangu inavyotaka uaminifu, nikaacha kusoma. Nikaweka karatasi chini. Nikachukua chaki, ubao ulikuwepo, nikachora shule. Nikachora shamba. Nikachora jiwe nililolitumia na jiwe nililopaswa kulichimba. Nikawaeleza mvua, dimbwi, na neno nililosema. Linatosha. Nikachora mstari uliopo na mstari uliopaswa kuwepo, na kati yake nikaandika bweni.

Nikaweka chaki chini.

Akasimama msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, ushungi umekaa sawasawa. Akajitaja, Mwajuma, anatoka Saadani. Ni mmoja wa wanaopanga mjini. Hakuuliza juu ya chuo wala masomo.

"Mama, tangu ulipojua, umekaa siku ngapi bila kusema?"

"Siku tisa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaketi. Nadhani alikuwa anahesabu.

Mwalimu mkuu alifunga mkutano haraka. Alishukuru, lakini hakunitazama. Baba mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba binti yake mkubwa aliacha shule kwa sababu ya chumba cha kupanga. Rehema alikuwa anakusanya viti. Nilimwendea, akasema ana kipindi. Hakuwa na kipindi.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Mwanamvua baada ya sala. Nilipaswa kuanza kwake, si ukumbini. Mjukuu wake anasoma palepale. Habari zilinitangulia.

Aliitika salamu yangu. Mkeka hakutandika. Nikaeleza nimesimama: kosa si lake, karatasi yake aliipata kwa haki, nitaandika barua ofisi ya ardhi, ukuta mpya nitaujenga mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Jumamosi umekunywa kahawa yangu," akasema, "na ulikuwa umeshajua."

Akaingia ndani.

Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kuliko leseni.

Barua nimeiandika jioni. Ukurasa mmoja. Nimeambatanisha nakala ya daftari, hata lile neno Mvua.

Jumapili, 28 Septemba

Rehema amekuja nyumbani kwangu bila kupiga simu. Alikuja na kanda la samaki na nazi mbili. Hakusema amekuja kufanya nini. Alikaa jikoni akakuna nazi, mimi nikapara samaki. Tulipika kama tulivyokuwa tunapika kwao siku za mfungo, yeye akionja kila dakika.

Wakati wa kula akasema amekasirika. Si kwa shamba. Kwa sababu nilimwacha anitambulishe vile, mbele ya watu, huku najua. Nikamwambia ana haki. Akasema anajua ana haki.

Baadaye akaniambia ukweli mwingine. Mwaka ule wa msingi wa bweni yeye ndiye alikuwa katibu wa kamati. Aliona kwa macho yake kuwa shamba si lile. Alijua, kwa sababu alishika ncha ya kamba. Lakini mpimaji ameshasema, yeye ni mwalimu wa Kiswahili, angebishana vipi na ramani? Akanyamaza.

Nikamwuliza kama anaukumbuka urefu wa ukumbi. Akautaja palepale, mpaka nusu mita ya mwisho. Tukacheka mpaka akatokwa na machozi, au alikuwa analia.

Aliondoka mchana. Ameniachia nazi moja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ofisi ya ardhi wamejibu. Watapima upya, na pande zote mbili ziwepo. Kuhusu leseni, hakuna neno. Viwanja vinne leo. Mawe yote nimeyachimba. Mwenye shamba ameuliza kwa nini nachelewa.

Jumatano, 15 Oktoba

Wamekuja asubuhi. Mpimaji wa ofisi ni binti, hajafika miaka thelathini, miwani mikubwa, mpole. Alikuwa ameisoma barua yangu. Alinisalimia kwa heshima na hakuitaja.

Mwalimu mkuu alikuwepo, na Rehema. Bi Mwanamvua alisimama upande wake, mikono ndani ya khanga. Banda la kuku lilikuwa limeshahamishwa. Hakuna aliyemwambia ahamishe. Nilimwamkia. Akasema marahaba, mara moja.

Ukuta bado upo. Kutakuwa na barua, vikao, saini za watu wengi. Rehema anasema bweni likianza Mwajuma atakuwa ameshamaliza shule. Ni kweli. Nimepiga hesabu mara nyingi, jibu ni hilohilo.

Msaidizi wa yule binti alikuwa na homa, hakuja. Ikabidi mtu amshikie fimbo ya kupimia. Watu wakatazamana. Nikavua viatu vya mjini, nikaingia kwenye shimo walilolifukua asubuhi, nikaisimamisha fimbo juu ya jiwe. Madarasani walikuwa wanaitikia kwa pamoja, sikuweza kusikia somo gani. Jua la saa nne. Udongo wa baridi chini ya nyayo.

Binti akainama kwenye mashine yake, mbali, upande wa shamba.

"Inyooshe kidogo, mama," akaniambia.

Nikainyoosha.