Kwa Mukendi, Uliyelia Pamoja Nasi

Rafiki yangu Mukendi,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba hotuba ya kufukuza watu huanza kwa matusi. Huanza kwa mapenzi. Nilifundisha miaka mingi bila kulijua hilo, mpaka siku tuliyokwenda pamoja uwanjani hapa Kolwezi kumsikiliza mwanasiasa, mgodi ukiwa umesimama na hospitali ya kambi haina hata bandeji.

Wewe, mtoboa miamba, ulinitania njiani: "Mwalimu, huyu muntu tumusikilize muzuri. Fundi anatoboa kwanza, baruti inakuya nyuma."

Ndivyo alivyofanya. Hakugusa habari za kabila. Aliuliza kwa sauti ya msibani: "Nani alizika tata yake mu hii udongo?" Uwanja mzima ukainua mikono. Nawe ukainua, maana baba yako aliletwa kwa treni kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, akafia humo, tukamzika pamoja. Msemaji akapangusa macho. Tukalia. Mama mmoja asiyetujua alikushika bega.

"Hii inchi ni ya nani?"

"Ni yetu!" Sauti yako ilizidi yangu.

Hapo ndipo alipowageukia watu wa Kasai: "Basi bale balikuya na treni, barudie na treni."

Naeleza taratibu, kama darasani, kwa sababu ni rahisi kupapita hapa haraka. Machozi yalikuwa ya kweli, na makaburi pia. Alitukusanya kwa huzuni tuliyokuwa nayo wote. Tulipokuwa mwili mmoja, akatuonyesha kiungo cha kukata. Na mtu aliyekwisha kulia hadharani huona aibu kugeuka.

Mimi nilishusha mkono. Wako ulibaki juu, ukinitazama. Nikasogea kando hatua moja. Hatua moja tu, Mukendi, lakini uliiona.

Wiki chache baadaye mlikuwa mnalala kituoni, wewe na familia na cherehani ya mke wako, mkingoja treni. Sikuja kukuaga. Ulikufa njiani, Kasai ikiwa bado mbali.

Binti yako Mado amerudi. Anauza unga karibu na kwangu, ananiita tata, kama baba yake. Anaamini nilikusindikiza mpaka treni ilipoondoka, nami sijawahi kumsahihisha. Jana alinisimulia habari za kiongozi mpya anayekuja kuhutubia: "Ule mukubwa ni muzuri, tata. Analia na sisi."

Pumzika, rafiki. Naahidi sitazikwa na siri hii. Barua hii nampa yeye asubuhi hii, aamue mwenyewe kama ataendelea kuniita tata.

Mado, mkutano ni leo. Nenda, lakini usipige makofi mpaka umesikia ni nani anayetakiwa kuondoka.