Msemaji wa Nana Amekatwa Kwenye Filamu

Mpendwa Mama Birago, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya sikukuu ya viazi vikuu, maana nikinyamaza mji wetu utagombana na nikisema nitabaki bila rafiki hata mmoja, na sina wa kumwambia kwa sababu kila ninayemwamini yumo ndani ya jambo lenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, nasomea utangazaji na filamu, ingawa nikisema nasoma usidhani nimekaa darasani, chuo chetu siku hizi karibu kila somo liko mtandaoni, kwa hiyo niko nyumbani, mji mdogo nje kidogo ya Kumasi, nasikiliza mihadhara nyuma ya duka la vitambaa la mama, simu nimeitumbukiza kwenye bakuli la bati ili sauti ikue, na mhadhiri akianza kukatikakatika ndiyo basi, nasubiri Obiri anieleze alichosema.

Obiri na Dentaa ni wenzangu wa darasa na wa mji huu huu, na Mama Birago, laiti ungewaona. Dentaa anachora. Siku moja alimchora mama akikunja kitambaa, lakini alichora mkono tu, uso hamna, mwili hamna, na baba alipopita akasimama akasema, "Huyu si mke wangu?" Obiri naye anakata na kuunga picha, aliwahi kurekodi mlio wa watu wanaotwanga fufu, sima yetu ya mihogo na ndizi, kwenye nyumba za mtaa wetu akazipanga sauti zile mpaka zikawa muziki, mimi nikalia machozi kabisa, na jioni nilipomsikia shangazi akitwanga nikajikuta nimesimama mlangoni namsikiliza, mimi niliyezaliwa ndani ya mlio huo! Mtu amejifunza haya yote kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kutoka kwa bwana mmoja wa ng'ambo mwenye kofia ya sufu anayefundisha bure mtandaoni. Nikikaa kati ya hao wawili nafurahi mpaka naogopa. Mimi sichori, sikati, siimbi, kazi yangu ni kushika maiki.

Sasa muhula huu tuliambiwa tutengeneze filamu kuhusu jambo la nyumbani kwetu, tukachagua baraza la Nana, chifu wetu, siku aliposikiliza kesi ya shamba kati ya mjane mmoja na Mzee Badu. Tuliruhusiwa kwa sababu msemaji wa Nana, yule okyeame wake, ni Mjomba Akuoko, kaka wa mama yangu tumbo moja. Nilikaa chini karibu kabisa na kiti cha Nana, maiki nimeielekeza juu. Kama unavyojua, Nana haongei na watu moja kwa moja wala watu hawaongei naye, yeye humnong'oneza mjomba, mjomba husimama na fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu akalisema neno kwa sauti, na mtu akijibu anamjibu mjomba, mjomba anampelekea Nana. Ndivyo tulivyokua tukiona, wala hakuna aliyewahi kulifikiria.

Obiri akaenda kuhariri. Yule bwana wa kofia ana kanuni yake kwamba jambo likisemwa mara mbili, kata mara ya pili, kwa hiyo Obiri akamkata mjomba. Mzima mzima, Mama Birago! Filamu ikabaki nusu, Nana ananena kwa mnong'ono ulionaswa na maiki yangu, watu wanajibu, mambo yanakwenda mbio, mhadhiri wetu akaitazama na kusema sasa inapumua, ni kazi bora ya darasa. Na mimi nilipoiona mara ya kwanza nilipiga makofi, usinifikirie vibaya, ilikuwa nzuri kweli.

Ila kuna mahali Mzee Badu anatukanwa na anacheka, na sikukumbuka siku ile alichekea nini. Nikarudi kwenye sauti yangu niliyorekodi, ile nzima, nikaweka spika masikioni dukani kwa mama, na hapo ndipo nilipolinganisha kwa mara ya kwanza neno Nana alilonong'ona, ambalo hata waliokaa safu ya mbele hawakulisikia, na lile mjomba alilolitoa. Nana alimwambia mjomba, "Mwambie huyo mzee asitufanye wajinga. Mwizi tu." Na mjomba akasimama, akatulia kidogo, akasema, "Mzee Badu, Nana anakusalimu. Anasema hajasahau ulivyokuwa ukimbeba begani akiwa mtoto kwenda kuoga mtoni. Anauliza, bega lililombeba yeye, leo unalibebesha shamba la mjane?" Watu wakacheka, Badu mwenyewe akacheka, akashika kichwa, akasema, "Nimesikia. Narudisha." Nana hakusema habari za bega, Mama Birago! Wala mto! Nilirudia tena na tena, hakusema. Na mjane alipopandisha hasira akasema kama Nana hawezi kuamua basi kiti akiachie, mjomba alimgeukia Nana akamwambia, "Mama huyu anasema hana pengine pa kwenda ila kwenye kiti chako." Huyu ni mjomba yule yule anayekuja kwetu kuomba pilipili na kubishana na redio kuhusu mpira, na mimi miaka yote nilidhani kazi yake ni kurudia.

Sasa katika filamu ya Obiri, Nana anamwita mzee wa watu mwizi mbele ya dunia, tena Obiri ameyaandika maneno hayo chini ya picha kwa herufi kubwa zisomeke, na Badu anacheka kama aliyerukwa na akili. Na jumba la Nana limeomba filamu ionyeshwe Jumamosi uwanjani kwenye shuka kubwa jeupe. Watoto wa Badu wanatoka Accra kuja kuitazama. Bango la Dentaa limeshatundikwa njia panda, na aliyechorwa mbele, mkubwa kuliko wote, ni mjomba na fimbo yake. Mjomba amelipiga picha, anamwonyesha kila mtu. Jana amekuja dukani kuchagua nguo ya kuvaa, akaniuliza, "Mpwa wangu, nimetoka vizuri?" Nikamwambia utajionea mwenyewe Jumamosi, nikakimbilia uani.

Nilijaribu kumgusia Obiri. Akaniambia, "Afriyie, wewe shika maiki, mambo ya mkasi niachie mimi." Dentaa akacheka. Moyoni nilisema Obiri ni mjinga mwenye kiburi, anamsikiliza mwenye kofia ambaye hajawahi kutia mguu kwetu na mimi niliyekuwepo ananiona kama stendi ya maiki. Kisha nikaona haya, kwa sababu nampenda, hao wawili ndio walionifungua macho. Nimewaza kwenda kimyakimya kwenye jumba la Nana nikamwambie karani azuie filamu bila kunitaja. Nimewaza pia kuugua Jumamosi. Obiri husoma ukurasa wako kila wiki, pengine akisoma ushauri wako atajirudi mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Nifanye nini?

Mshika maiki

*

Binti yangu Afriyie (na wasomaji wangu, majina yote hapa nimeyabuni, msianze kutafutana),

Barua yako nimemsomea mwenzangu wa meza ya pili hapa gazetini, tukacheka pale kwenye mzee anayechekea kuitwa mwizi. Tulipofika kwenye bega na mto tukaacha kucheka. Mwenzangu akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia.

Nianze na kukusuta, maana umenitafuta mwenyewe. Kwanza, acha kujiita stendi. Wote mliiona filamu, mhadhiri aliiona, wote wakapiga makofi, na wewe ukiwemo. Nani aliyejiuliza mzee anacheka nini? Nani aliyerudi kukaa na sauti mpaka akaisikia? Dentaa ana mkono, Obiri ana mkasi, wewe una sikio, na sikio halionekani kwenye bango, ndiyo maana hata wewe mwenyewe umelidharau.

Pili, hiyo safari ya kimyakimya kwa karani ifute kabisa. Rafiki hashtakiwi jumbani kabla hajaambiwa usoni. Ukifanya hivyo utamwaibisha Obiri mbele ya wazee kwa kosa ambalo hakulijua, na siku atakapojua ni wewe, na atajua, hutakuwa na la kusema. Na kuugua Jumamosi? Ugua, halafu watoto wa Badu wakisimama uwanjani kuuliza nani mwizi, utakuwa kitandani umejifunika shuka ukisikiliza kelele. Mjomba wako atatazama shuka lile jeupe mpaka mwisho akijitafuta. Unataka hilo?

Usimkasirikie sana Obiri. Yule bwana wa kofia amemfundisha vizuri, ila amemfundisha kwa watu wanaoongea ana kwa ana. Hata mhadhiri wenu, ambaye ni mtu wa huku huku, hakugutuka. Sote tumemwona msemaji akisimama tangu tukiwa wadogo, tumemzoea kama tulivyozoea ukuta. Mimi nilipoachana na mume wangu wa kwanza, familia zetu zilikaa, na maneno niliyoyatoa siku ile siwezi kuyachapisha gazetini. Aliyetusemea upande wetu alikuwa mzee mmoja mfupi, jicho moja halioni vizuri. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka tu kwamba tulitoka pale tukiwa tunaweza kusalimiana, na mpaka leo yule mume akipita na gari husimama kuniuliza hali. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu sisi wawili tuna tabia njema. Barua yako imenifanya niache kula nikafikiri upya.

Sasa kazi. Leo hii, usingoje kesho, mwite Obiri na Dentaa hapo nyuma ya duka. Usimwambie amekosea. Usitaje kofia. Mvalishe Obiri spika zako za masikioni, mwekee sauti nzima kuanzia Nana anaponong'ona mpaka Badu anaposema narudisha, kisha nyamaza. Akitaka kuongea katikati, mwashirie asikilize. Halafu mpe Dentaa. Mtu anayeweza kugeuza mlio wa kutwanga fufu kuwa muziki hawezi kusikia kitu kile akabaki kama alivyokuja. Nitashangaa sana.

Akikubali, mnong'ono wa Nana na yale maandishi yatoke kwenye filamu, yatoke na yasihifadhiwe mahali pa kuchezewa, kwa sababu Nana aliyasema kwa sikio moja tu. Mjomba wako arudi mahali pake, aonekane anainama, anatulia, anasimama. Ule utulivu wake kabla ya kusema msiukate hata kidogo, maana filamu yenu iko hapo. Ikiwa ndefu, iwe ndefu. Mhadhiri mpelekeeni ile mpya mkiwa wote watatu, mkamweleze kwa nini. Akipunguza alama, apunguze, mtazifidia muhula ujao. Ugomvi wa Badu na mjane hamtaweza kuufidia.

Akikataa, mwambie wazi kwamba wewe ndiye uliyeshika maiki, sauti ile ni yako pia, na kwa uwanja wa Jumamosi huitoi. Kisha nenda kwa mjomba wako mwenyewe, kwa miguu yako, kabla ya siku, umweleze kila kitu ukiwa umemtazama. Yeye atajua la kumwambia Nana. Ndiyo kazi yake.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu wewe wiki hii badala ya wale kumi waliofumania wenzi wao. Umeniandikia kwamba Obiri ni mjinga mwenye kiburi, kisha ukanieleza kwamba husoma ukurasa wangu, ukitumaini mimi nitayachukua maneno yako, niyalainishe, nimfikishie. Ei, Afriyie! Unaona ulichokuwa unatafuta? Ulikuwa unatafuta msemaji, na mpwa wa Akuoko unakuja kuniazima mimi! Maneno yako nimeyaacha hapo juu kama yalivyo, makusudi, ili uyaone yanavyokaa uchi. Obiri atayasoma, kwa hiyo fika kwake kabla gazeti halijafika. Na ukifika, tulia kidogo kwanza, kama mjomba wako anavyotulia, kisha umwambie lile lililo chini ya hasira, kwamba ndiye aliyekufungua masikio na sasa unataka asikie ulichokisikia.

Ukimaliza na Obiri, pita kwa mjomba. Mpelekee pilipili, usingoje aje kuomba. Mwambie uliisikiliza ile ya bega na mto, ukairudia tena na tena. Maisha yake yote anasema maneno ya mtu mwingine, na watu wakitoka pale humsifu Nana. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alimsikia yeye.

Mama Birago